Shangazi, nimemsaidia mama mmoja jumuiyani sasa nimegeuka adui

Tumsifu Yesu Kristo Shangazi, na shikamoo. Naomba unifichie jina maana jumuiya yetu wote tuna simu na wote tunasoma haya mambo.

Mi ni mama wa watoto watatu nakaa Mbagala, nauza vitumbua na chai asubuhi. Ni Mkatoliki, jumuiya yetu tunasali Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa zamu nyumba kwa nyumba, kwenye daftari tuko kaya kama 40 ila wanaokuja kwelikweli ni 15 hivi tena wengi akina mama, wanaume utawaona siku ya uchaguzi na siku ya msiba.

Sasa mwaka jana mwezi wa nane baada ya sala katibu akaanza kusoma majina ya wasiotoa zaka na mchango wa ujenzi, ndo kawaida yetu, anasoma na namba ya bahasha ya kutolea zaka kabisa. Kuna mama mmoja nitamwita Mama J, jina lake likasomwa kwa mara ya tatu mfululizo. Mtu akasema huyo si alishaacha kusali, mwingine akasema atakuwa kahamia kwa walokole, tukacheka, na mimi nilicheka Shangazi sikufichi. Mwenyekiti akafunga na, basi akifiwa asituite.

Nimefika nyumbani ile kauli imenikaa kichwani. Maana mwaka 2017 mume wangu alipoachishwa kazi bahasha yetu ilikaa tupu miezi saba, nilikuwa nikimuona katibu kwa mbali nakata kona ya pili. Nikasema hivi na mimi walinicheka hivihivi? Basi Jumanne nikamaliza biashara, vilibaki vitumbua sita nikavifunga nikaenda.

Shangazi nilichokikuta. Ana mtoto wa miaka tisa ana mtindio wa ubongo, hakai mwenyewe, haongei, mtu asiyemjua akimshika analia. Baba yake aliaga anaenda Tunduma kutafuta maisha, mpaka leo. Nikamuuliza mbona umetukimbia, akaniambia kuna Jumamosi mtoto alilia wakati Injili inasomwa, mtu akageuka akamwambia jamani mtoe nje tusikie neno. Akatoka na hakuna aliyemfuata. Na mi nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa nimekaa mlangoni, nikasogeza miguu ili apite.

Hela ya kumpa sina. Nikamuuliza nikusaidie nini mwenzangu, akasema nishikie mtoto nioge. Basi. Mtoto akalia wee mwisho akachoka akanilalia begani, mama yake akakaa bafuni karibu nusu saa, nikawa namsikia anaimba.

Nikaanza kwenda kila Jumanne na Ijumaa, saa nne mpaka saa sita. Alinifundisha kumlisha, kwamba lazima umkalishe wima maana ukimlisha amelala chakula kinaweza kwenda mapafuni, uji wenyewe unampa kijiko kimoja unangoja ameze, saa zima linaisha kwa bakuli moja. Yeye ndani ya hizo saa mbili akaanza kwenda kusuka watu nywele mtaa wa pili. Mwezi wa kumi na moja nikaomba jumuiya ikasali kwake, akaogopa eti hana viti, nikamwambia tutatandika mkeka uani. Wakaja watu 22! Nadhani wengi walikuja kuchungulia. Tulivyoanza kuimba yule mtoto akacheka, yaani cheko la sauti kabisa, tukinyamaza ananyamaza tukiimba anacheka, na yule yule baba aliyesema mtoe nje ndo aliyeomba wimbo urudiwe. Toka siku ile mama mmoja akachukua Jumatano, bibi mmoja mstaafu akachukua Alhamisi, na fundi seremala wa kanda yetu akamtengenezea kiti cha mbao chenye mkanda bila kudai hata mia.

Hapo ndo ningekuwa natoa ushuhuda, ila mambo yamegeuka. Watu wakaanza kunitumia hela kwenye simu, shika elfu hamsini ya mtoto, shika ishirini, jumla imefika kama laki mbili na kumi, nimenunua pampasi, unga, nauli za hospitali, ila sikuandika popote. Saivi maneno yanazunguka kwamba vitumbua vyangu vimenona. Mwenyekiti amenisema mbele ya watu nimeanzisha jumuiya ndani ya jumuiya, na kwa sababu mwaka huu kuna uchaguzi wanasema nautaka uenyekiti. Halafu kila mwenye shida anaelekezwa kwangu, mgonjwa huyo, mjane yule, wiki iliyopita nimepigiwa simu saa tano usiku na mtu hata simjui. Mume wangu ananiita Mama Huruma, mwanzo ilikuwa utani sasa si utani. Na kilichonimaliza ni binti yangu yuko kidato cha pili, juzi kaniambia mama, mpaka niumwe ndo utakaa na mimi?

Mama J naye kasikia maneno anataka kuniambia nisiende tena nisiharibikiwe kwa ajili yake, na anaogopa mtoto akifariki kwa vile bahasha yake ni tupu hatazikwa na Kanisa. Mimi nafikiria kuacha yote nihamie parokia nyingine. Niache Shangazi?

Mama wa Vitumbua, Dar es Salaam

*

Milele amina mwanangu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale uliposogeza miguu ili apite. Wengi tungeificha hiyo. Mi mwenyewe nina siku zangu za kusogeza miguu, siku nyingine nitasema.

Usiache. Ila unavyofanya saivi nako hapana, na tutaanza na binti yako maana naona umemweka mwishomwisho wa barua wakati ndo habari yenyewe. Huyo mtoto hajakwambia uache kwenda kwa Mama J, soma vizuri alichosema. Anakuuliza zamu yake ni lini. Mtoto wa Mama J ana Jumanne na Ijumaa zinazojulikana, yeye mwanao anapata mabaki, anakupata jioni umeshachoka, toka saa tisa usiku uko kwenye chuma cha vitumbua halafu simu inaita. Mtengee siku, ijulikane, simu unaizima unaiweka kwenye kabati. Na siku moja ya likizo mwambie twende wote ukamlishe uji wewe, lakini muulize kwanza, usimburute kama adhabu. Nimewaona wasichana wa umri huo wakikabidhiwa kitu cha watu wazima wanavyonyooka mgongo.

Mumeo nadhani na yeye kilio chake ni hicho hicho ila kakivalisha kejeli. Mwanaume aliyewahi kuachishwa kazi akakaa nyumbani miezi saba anaijua vizuri sana aibu ya bahasha tupu, kwa hiyo usimhubirie, mkumbushe tu ile 2017, muulize ulitamani nani aje agonge mlango wetu kipindi kile? Halafu unyamaze umsikilize. Umemwambia lolote kuhusu hizo laki mbili kabla hajazisikia mtaani? Barua yako haisemi, na mimi kwa uzee wangu huu nahisi hukumwambia.

Sasa hela. Mwanangu hapa ulikosea, hukuiba lakini ulikosea. Angalia mwenyewe mtiririko wa mambo, kwa miezi yote uliyokuwa unaenda na mikono mitupu kumshika mtoto hakuna aliyekusema, yaani mtu atakusengenya nini, kwamba umemshika mtoto wa watu akaoga? Maneno yamekuja na elfu hamsini ya kwanza. Nikuulize swali la kijinga, kwani Mama J hana simu? Ni mtu mzima, anasuka nywele, anapanga bei na wateja wake, hela ya mtoto wake kwa nini ipitie kwako? Kuanzia leo anayetaka kumchangia mpe namba ya Mama J baada ya kumwomba ruhusa mwenyewe, au apeleke kwa mhazini wa jumuiya apewe risiti. Kwako isipite hata mia. Na hiyo laki mbili na kumi kaa na Mama J leo leo, daftari la kaunta, kumbukeni pamoja pampasi bei gani, unga bei gani, nauli mara ngapi, ujumbe wa miamala bado uko kwenye simu, andikeni yote aweke sahihi na yeye. Pasipokumbukwa andika hatukumbuki. Hesabu yenye shimo la kweli watu wanaielewa, iliyonyooka mpaka mia ya mwisho hapo ndo wanashtuka.

Mwenyekiti wako. Najua unataka nimseme, na nitamsema, ila kuna kipande cha haki anacho. Wewe ulianza peke yako ukaendelea peke yako, na hata wale wa Jumatano na Alhamisi naona walikuja kwako hawakupangwa na jumuiya, sasa kiongozi anasikia habari za kanda yake kwa wapita njia. Nenda nyumbani kwake, usimngoje kwenye mkutano, mpelekee hilo daftari, mwambie baba naomba kazi hii ikae kwenye taarifa ya jumuiya na wewe uisimamie. Uchaguzi mwambie wazi, sigombei. Na kama moyoni unautaka uenyekiti gombea, si dhambi, ila usiseme hutaki halafu Jumamosi ya kura tukakuona umevaa kitenge kipya.

Haya sasa nimseme. Kauli ya akifiwa asituite si ya Kanisa, ni ya kwake. Mimi niliziona hizi jumuiya zikianza, maaskofu wetu wa Afrika Mashariki kwenye mkutano wao wa AMECEA mwaka 1976 ndo waliziweka kuwa shughuli ya kwanza ya kichungaji, lengo majirani wachache wasali, wasome Neno wakaangaliane hali, mtu asipotee ndani ya parokia ya maelfu. Zaka ilikuja kupanda humo kwa sababu ni rahisi kukusanya kaya kwa kaya, na zaka si kitu kibaya jamani, bati za kanisa hazishuki kutoka mbinguni. Lakini taratibu daftari la bahasha likawa ndo daftari la mahudhurio, likawa ndo daftari la upendo, mtu akikosa kwenye lile basi hayupo. Katibu wenu alisoma jina la Mama J mara tatu, miezi mitatu mizima, na hakuna aliyejiuliza huyu yuko hai?

Mpe Mama J hii aishike. Sheria za Kanisa tunazotumia, zile za 1983, kanuni ya 1184 inataja watu wanaonyimwa maziko ya Kanisa, ni walioasi imani hadharani na wazushi na waliojitenga na Kanisa, waliochagua maiti yao ichomwe moto kwa sababu za kuipinga imani, na wadhambi wa wazi ambao maziko yao yangewakwaza waamini, tena hao wote kama kabla ya kufa hawakuonyesha dalili yoyote ya kutubu. Mwenye bahasha tupu hayumo. Na kanuni ya 1181 inasema kabisa pasiwe na upendeleo wa watu kwenye mazishi na maskini wasinyimwe maziko yanayostahili. Sasa najua kwenye parokia nyingi barua ya mwenyekiti inadaiwa kwanza, kwa hiyo asikae na hofu hiyo nyumbani, mpelekeni kwa paroko siku ya kawaida ofisini, wewe na yule bibi mstaafu, amweleze paroko hali yake kwa mdomo wake. Paroko akishamjua kwa sura na mtoto akamwona, mambo ya barua yatapungua uzito. Na mtoto amezungumziwa kufa, mbona mapema hivyo? Kama hajawahi kufika hospitali ya CCBRT pale Msasani wampeleke, wana mazoezi ya viungo kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, na kile kiti cha fundi waende nacho au wakipige picha wataalamu wa pale waone kama kinamkalisha sawasawa, kiti kilichokaa vibaya kinaweza kumpinda mgongo ingawa kimetengenezwa kwa upendo.

Kuhusu hao wanaokupigia usiku. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wanaokuelekezea wagonjwa hawaoni kama wewe nawe unabeba, wanaona umezaliwa hivyo. Mtu akikupigia na mjane wake muulize swali moja, anakaa jirani na nani? Kisha mpigie huyo jirani mwambie mwenzio kaumwa hapo ukuta wa pili, nenda ukamwone mimi nitakuja Jumapili tuonane. Wengi wataenda maana hata wewe uliishi jumuiya moja na Mama J hujui kitu mpaka jina liliposomwa. Yakizidi jumuiya kuna kamati ya Caritas pale parokiani, ile ya kusaidia wenye shida, ndo kazi yake. Na usiende peke yako tena nyumba ya mtu, hata ile ya kuangalia tu, nendeni wawili. Yesu mwenyewe aliwatuma wawiliwawili, na wale wa chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, kilichoanzishwa Paris mwaka 1833 na vijana wa chuo kina Frederic Ozanam, mpaka leo wanatembelea watu majumbani wawiliwawili. Nadhani mambo kama yako waliyaona mapema, mmoja akisingiziwa mwingine alikuwepo.

Umenigusia ushuhuda, basi fungua Matendo sura ya 9 usome habari za Tabitha wa Yafa, yule anayeitwa pia Dorkasi. Hajatajwa na cheo chochote, hakuhubiri, alikuwa anashona. Alipokufa wajane wakamzunguka Petro wanalia wanamuonyesha kanzu na nguo alizowashonea, kila mtu kashika yake. Nikisoma pale huwa naona mtu aliyefanya jambo moja alilolijua mpaka mji mzima ukawa umelivaa. Wewe jambo lako ni hilo la kushika mtoto saa mbili. Si kugawa hela, si kupokea simu za usiku. Halafu rudi nyuma sura ya 6 uone kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wapo hai, bado wajane walisahauliwa kwenye mgawo wa kila siku na manung'uniko yakatokea, kwa sababu ya lugha tena, Wayahudi waliosema Kiyunani na Waebrania. Mitume hawakuhama Yerusalemu, waliomba watu wachague saba wenye sifa njema wasimamie. Kwa hiyo hiyo parokia nyingine unayoifikiria nayo ina katibu wake na daftari lake, tena huko hujui nani anakaa mlangoni.

Wenye kusema vitumbua vimenona waache waseme, na uendelee kuwauzia bei ile ile.

Neno kwa Mama J kama atasoma. Mama, usimfukuze mwenzio kwa kumhurumia, na wewe umemsaidia ila hamjawahi kulisema. Amekaa miaka na aibu ya 2017 kifuani, kaja kuitua kwako. Ukipata nafasi msuke nywele, bure.

Na kuhusu yule baba wa mtoe nje, nimemfikiria sana kuliko wote. Kuomba wimbo urudiwe ndo namna yake ya kuomba msamaha, wanaume wa rika lake wengine hawana nyingine. Muombeni awe zamu ya Jumamosi, aende mapema kumsaidia Mama J kubeba kile kiti mpaka nyumba inayosaliwa wiki hiyo, kiwekwe mbele karibu na wanaoimba, wala si mlangoni.

Shangazi

(Daftari likishaandikwa niambie mwenyekiti alisemaje.)